Lehemu ya Babu

Bwenini, 3 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, na mgongo umekuachia angalau uiname kufunga kamba za viatu. Mimi sijambo, ila kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kimenifanya nikuandikie wewe na si Mama.

Kwanza habari njema. Nimechaguliwa timu ya shule ya mpira wa pete! Nacheza katikati, yule anayekimbia kuliko wenzake wote. Mashindano ni tarehe ishirini Aprili, hapahapa kwenye uwanja wetu. Mwalimu wa michezo alisema kila mchezaji lazima apimwe afya kwanza, basi nesi wa shule akatutoa damu. Wenzangu waliletewa majibu ya mstari mmoja. Mimi nikaitwa ofisini.

Nesi akasema, "Binti, una lehemu nyingi kwenye damu. Nyingi mno kwa mtu wa miaka kumi na tano." Akauliza kama kuna mwingine kwetu aliyewahi kuambiwa hivyo. Nikasema sijui. Akauliza Baba alikufa kwa nini. Nikasema moyo, maana nilikuwa na miaka minne na ndivyo nilivyoambiwa. Akaandika, akageuza karatasi, akaandika tena. Amesema nitapelekwa kwa daktari wa moyo mwezi ujao, na kwa sasa niendelee na mazoezi mepesi, nisiogope.

Siogopi sana, Babu. Ila usimwambie Mama bado. Akisikia neno moyo atapanda basi usiku huuhuu aje anichukue.

Kengele imelia, wanakusanya barua. Nijibu upesi.

Mjukuu wako,
Kijiti


Kibandani, 12 Februari

Kwako Kijiti,

Marahaba, marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Mimi ni mzima. Mgongo haujaniachia ila tumeelewana: asubuhi unaniuma, jioni naulaza mapema. Mama yako hajambo. Ana sare za shule mbili za kushona, kwa hiyo anayezungumza humu ndani ni cherehani.

Nimefurahi kuhusu huo mpira. Nilimwambia kinyozi wa jirani kwamba mjukuu wangu yuko kwenye mpira wa pete, akashtuka: "Mtoto yule? Ameshavishwa?" Nikamwambia pete yenyewe iko juu ya mlingoti, anayeitaka aruke. Akasema angekuwa na mlingoti kama huo siku zake, asingeoa.

Sasa hilo la lehemu. Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye neno lile nikakaa, na nilikaa juu ya mkasi wa bati. Usicheke. Niliinuka haraka kuliko nilivyokaa.

Lehemu naijua, Kijiti. Miaka hamsini na mbili naiyeyusha, naidondosha, naivuta puani. Huyo nesi wako ameisoma kwenye karatasi, mimi nimelala nayo chumba kimoja. Basi nijibu maswali yangu wala usiulize kwa nini. Likizo iliyopita, ulipokuwa ukinishikia birika za watu, uliwahi kuukata ule waya wa lehemu kwa meno kama ninavyofanya mimi? Ukisimama juani, unasikia kitu chochote kinatembea mwilini? Na hao wanaowakimbiza, wanawakimbiza jua la saa ngapi?

Kwa sasa usikimbie. Kaa kivulini, kunywa maji ya baridi. Kama lazima uwe kwenye timu, omba kazi ya kupuliza filimbi.

Kwa mama yako sitasema. Mdomo nimeuziba kama nilivyoziba ndoo ya kinyozi, na ndoo ile haijavuja hadi leo. Mengine niachie mimi. Nimeshaanza kuyashughulikia.

Babu yako,
Fundi Bati


Bwenini, 22 Februari

Babu,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Mimi mwilini sijambo. Moyoni, wee acha tu.

Maswali yako nimeyasoma mara tatu nikitafuta kichekesho, sijakipata, lakini nayajibu. Waya sikuukata kwa meno. Juani nasikia jua. Wanatukimbiza saa kumi jioni.

Au niseme walikuwa wananikimbiza. Juzi mwalimu wa michezo alisoma majina ya timu, langu halikuwemo. Nikadhani amelisahau. Nikamfuata, akasema, "Mimi nakutaka, lakini agizo limetoka kwenu." Kwetu wapi? Akasema kuna barua imefika kwa Mkuu wa Shule, inakataza nisikimbie, nisiruke, wala nisionekane uwanjani. Sasa kila jioni nakaa kivulini nawashikia wenzangu ndoo ya maji. Aliyepewa nafasi yangu akikimbia hatua kumi anashika kiuno.

Babu, ulimwambia Mama? Niambie ukweli tu, sitakasirika. Nilikuomba kitu kimoja.

Mjukuu wako,
Kijiti mwenye ndoo


Kibandani, 2 Machi

Kwako Kijiti,

Marahaba. Sisi hatujambo, paka naye hajambo, ingawa hukumuulizia.

Naapa kwa nyundo yangu: mama yako hajaandika barua yoyote, hajui lolote, wala hajaota. Hilo liandike kwenye daftari upige mstari chini yake kwa wino mwekundu.

Kinyozi amenunua kioo kipya, kikubwa. Wateja wamepungua. Nilimwambia kile cha zamani kilikuwa na huruma.

Kuna jambo limenitokea. Mwenye mgahawa wa kona aliniletea birika, mdomo wake haumwagi. Nikaitambua, niliiziba mimi mwaka jana. Tone la lehemu liliponyoka ndani likaganda kwenye mdomo. Basi nikaipasha moto nilitoe. Likayeyuka, likatembea, likaenda kuganda kwenye shingo, na sasa birika haitoi hata mvuke. Nimekaa naitazama birika hiyo mchana mzima. Mwenye mgahawa akaja akasema, "Fundi, ni birika tu." Nikamrudishia mpya, kubwa kuliko yake.

Nimefunga kibanda kwa siku chache. Nauza ndoo zilizokwisha tengenezwa. Chuma cha kulehemia nimekifunga kwenye gunia.

Kunywa maji ya baridi.

Babu yako


Bwenini, 9 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumai wewe ni mzima. Mimi nimekasirika.

Nilikwenda kwa Mkuu nikaomba nione hiyo barua. Alisita, halafu akanipa. Sikuhitaji kusoma jina, karatasi ilikuwa na alama ya kidole cheusi pembeni. Nainakili hapa ili uione kwa macho ya mtu mwingine:

"Kwa Mkuu wa Shule. Mimi ni mzazi wa mzazi wa mtoto anayecheza mpira wa pete. Naomba asikimbie wala asiruke wala asisimame juani, maana ana lehemu, na lehemu ikipata joto inayeyuka, ikiyeyuka inatembea, ikifika kwenye moyo inaganda, na ikishaganda hapo hata mimi fundi wa miaka hamsini na mbili siwezi kuitoa. Awekwe penye ubaridi hadi nitakapopata ufumbuzi. Ni mimi, Mzazi."

Babu! Ni lehemu nyingine!

Ni aina ya mafuta yaliyo kwenye damu. Wengine huyaita kolesteroli. Mwili wenyewe huyatengeneza, kila mtu anayo, wewe, kinyozi, hata paka. Yakizidi ndiyo hujibandika kwenye mishipa kidogokidogo, kwa miaka na miaka. Hayana uhusiano wowote na birika. Na hayajali mtu ni mwembamba, maana mabinti bwenini nao wananiambia nesi amekosea, eti Kijiti hana mahali pa kuweka mafuta. Mimi mwenyewe siku ile nilishtuka kama wewe, nikadhani ni ile ya kibandani. Nesi akanieleza, nikasahau kwamba wewe hukuwepo.

Mkuu anasema hakuelewa hata mstari mmoja. Ila aliona neno moyo, na mzazi akishaandika neno moyo, hakuna mwalimu atakayethubutu kumwingiza mtoto uwanjani.

Nilicheka, Babu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikakumbuka kwamba nimekaa na ndoo karibu wiki tatu, na ulipoulizwa ukaniapia kwa nyundo.

Ungeniuliza tu.

Sasa fanya mambo mawili. Mwandikie Mkuu barua ya pili, ya kweli. Na ukapimwe damu, wewe na Mama, kwa sababu nesi anasema hali kama yangu mara nyingi hutembea kwenye ukoo na wanataka kujua imeanzia wapi. Hadi hapo sitakuandikia.

Mjukuu wako (bado),
Kijiti


Kibandani, 18 Machi

Kwako Kijiti, mjukuu wangu bado,

Marahaba, ingawa shikamoo ya safari hii ilikuwa kavu kama bati.

Barua yako niliisomea kwa kinyozi, povu kidevuni. Nilipofika kwenye paka nikacheka. Kisha nikalia, kinyozi akadhani amenikata, akaanza kuomba radhi. Nikamwacha aombe. Hajawahi kuomba radhi tangu aanze kazi.

Mkuu nimeshamwandikia. Nimeosha mikono kwanza.

Ukasema ningekuuliza tu. Kweli. Lakini kuna kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiuliza, ndiyo maana na hilo nilishindwa.

Baba yako alikuwa na miaka thelathini na tisa. Siku ile tulikuwa tunaunga bomba la maji ya mvua, la nyumba ya ghorofa, refu kutoka kibandani hadi barabarani. Yeye ameshika upande wake, mimi nalehemu upande wangu, moshi umetanda, na tunabishana nani kamzidi nani kula asubuhi. Akaweka nyundo chini taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akasema, "Baba, kifua." Hakusema jingine.

Msibani kuna mtu alisema nyuma yangu, ule moshi wa lehemu ndio umemla. Hakujua kwamba nasikia. Mimi sikumuuliza daktari. Niliogopa angesema ndiyo. Miaka kumi na moja nimekaa na jibu ambalo hakuna aliyenipa, na kila asubuhi nawasha jiko lilelile, maana ndiyo kazi ninayoijua na wewe ulihitaji viatu vya shule. Halafu unaandika kwamba una lehemu kwenye damu. Wewe uliyekuwa ukikaa hapo hapo alipokaa yeye, ukinishikia birika. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Ungeandika kwa kidole cheusi hivyohivyo.

Hayo ndiyo yalikuwa chini ya mzaha.

Kuhusu kupimwa, tuzungumze kama watu wazima. Chuma chekundu nakishika, lakini sindano mimi na yeye hatujuani na sioni sababu ya kuanza sasa. Damu yangu ina miaka sabini na nne, iacheni ipumzike.

Babu yako


Kibandani, 1 Aprili

Kwako Kijiti,

Salamu sijaletewa, kwa hiyo marahaba naiweka mfukoni.

Posta wamenizoea. Nakwenda kila siku kuuliza barua, kwa miguu, kilima chote kile, napumzika mara mbili. Yule dada wa dirishani akiniona kwa mbali anaanza kutikisa kichwa ili nisifike bure. Mimi nafika. Ni lini tena dada wa dirishani atanitikisia kichwa?

Basi sikia. Nimemwambia mama yako. Yote. Cherehani ilinyamaza. Sijawahi kuisikia ikinyamaza mchana, nyumba ikawa kubwa ghafla. Nikangoja anifokee. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa matusi ya aina tatu. Akauliza jambo moja tu: "Baba, miaka yote hii ulidhani ni wewe uliyemuua?" Nikatazama paka. Akaenda akavaa viatu, akaniletea na vyangu, akasema, "Twende wote. Sasa hivi."

Mtu aliyekuwa mkweo kwa miaka kumi na saba akikuletea viatu, unavaa.

Kwenye zahanati walinikalisha mbele ya binti mdogo, ana kalamu tatu kifuani. Akauliza, "Babu, asubuhi unakula nini?" Nikamwambia mayai ya kukaanga na nyama yenye mafuta, na mafuta yakibaki nachovya mkate, maana kutupa ni dhambi. Akaandika kwa kalamu ya kwanza. "Mazoezi?" Nikasema nyundo. Akaandika kwa kalamu ya pili. "Unaogopa sindano?" Nikasema siogopi. Akauliza kwa nini basi nimemshika mkono mama yako. Nikasema anaogopa yeye.

Nimetolewa damu, Kijiti. Ilikuwa nyekundu. Niliichungulia kwenye kichupa, haikuwa na kitu kinachong'aa.

Majibu baada ya siku kumi. Mambo mawili uliyoyataka nimeyafanya. Zamu yako.

Babu yako,
mtobolewa


Bwenini, 8 Aprili

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na hii ni ya maji, si kavu. Mnaendeleaje? Mkono umepona? Mimi ni mzima, na safari hii nasema kweli.

Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ya tarehe kumi na nane nilitembea nayo mfukoni wiki nzima, nikawa sijui nianzie wapi. Sikujua Baba aliweka nyundo chini taratibu. Hakuna aliyewahi kunisimulia. Sasa angalau najua kitu kimoja alichokifanya kwa mikono yake.

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilipelekwa kwa daktari wa moyo. Walinibandika nyaya kifuani nikalala nikisikiliza mashine. (Hawakulehemu, walitumia gundi.) Wakanipiga na picha ya moyo. Daktari ni mzee kidogo, anazungumza polepole, nikamwambia habari ya barua yako. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa akanieleza vizuri, nami nakueleza wewe.

Moyo wangu hauna tatizo. Lehemu iko juu, na inaelekea nimezaliwa nayo. Nimemuuliza, je, nikikimbia sana itakwisha? Akasema hapana, asinidanganye, michezo peke yake haiwezi kufuta kitu cha kurithi. Dawa ndiyo itaishusha, pamoja na chakula. Lakini akasema kuna lehemu mbaya na kuna nzuri, ile nzuri inazoa mbaya na kuirudisha kwenye ini ikashughulikiwe. Kijana anayecheza mara kwa mara, hiyo nzuri yake huelekea kupanda, mafuta mengine ya damu hushuka, mishipa inabaki laini, na moyo unazoea kazi. Akasema umri huu ndio wa kuanza, kwa sababu uchafu nao huanza kujibandika umri huuhuu, kimyakimya. Maneno yake ya mwisho: "Cheza. Wewe una sababu ya kucheza kuliko wenzako wote uwanjani."

Nikamuuliza kuhusu moshi. Nilimuuliza kwa niaba yako, Babu, maana wewe usingeuliza. Akasema moshi ule si mzuri, ufungue dirisha na uache kuuma waya kwa meno. Lakini mafuta haya hayatoki kwenye moshi. Kuhusu Baba hawezi kuapa, hakumwona. Alichosema ni kwamba mwanaume wa miaka thelathini na tisa akishika kifua, na binti yake akiwa na damu kama yangu, yeye angetazama damu kwanza kabla ya kutazama kibanda.

Dawa nimeanza. Mwalimu wa michezo amenirudisha mazoezini, ila Mkuu hataki nicheze mashindano kabla ya mzazi kuja kusaini mbele yake. Na amesema si mzazi yeyote. Anamtaka aliyeandika ile barua.

Jambo jingine: pete ya goli la upande wa jikoni imekatika. Fundi waliyemwita aliitia lehemu. Ilikaa siku mbili.

Mjukuu wako,
Kijiti


Kibandani, 14 Aprili

Kwako Kijiti,

Marahaba kubwa, ya kujaza pipa. Mimi sijambo, mama yako hajambo. Barua yako alinisomea yeye, kwa sauti, kisha akairudia peke yake kimya kimya.

Majibu yametoka. Tuliingia wote wawili. Ya mama yako, binti wa kalamu tatu aliyatazama mara moja: safi. Yangu aliyatazama, akanitazama mimi, akayatazama tena.

"Mzee," akasema, "umefikaje miaka sabini na nne?"

Nikamwambia kwa miguu.

Hakucheka. Akaniambia ninayo, tena nyingi, na kwa anavyoona ndiyo iliyopita kwa baba yako ikaja kwako. Kwa nini imenipita mimi ikamchukua yeye, hajui. Akasema wengine hubahatika. Neno hilo lilinikaa vibaya, nikamwomba atafute jingine, akakosa.

Basi, Kijiti, tazama mambo. Nimejilaumu miaka kumi na moja kwamba lehemu ilitoka kwangu. Ukaniambia si hiyo, ni nyingine, nikapumua. Sasa imeonekana hata hiyo nyingine imetoka kwangu. Nilikupa pua hii kama mdomo wa birika, nikakupa ubishi, na kumbe chini ya mzigo nilipachika na hili.

Nilirudi nyumbani nikingoja kuumia. Nilikaa kwenye kiti, nikajitazama ndani kama ninavyotazama ndoo inayodaiwa kuvuja. Sikuona tundu. Kitu nilichokifanya kwa mikono yangu ningekilipia, lakini hiki mimi nami nilipewa, na aliyenipa hakujua. Baba yangu alikufa shambani akiwa kijana, ameshika kifua. Wakasema jua. Naona kila mtu katika ukoo huu alipewa sababu yake. Wewe ndiye wa kwanza kupewa jibu.

Nameza kidonge kila jioni. Mayai ya kukaanga mama yako ameyafuta, ananipa ya kuchemsha, nayala nikiwa nimefumba macho. Kilima cha posta napumzika mara moja sasa.

Chuma nimekitoa kwenye gunia. Dirisha nimelitoboa mpaka kinyozi analalamika kwamba ananisikia nikiimba.

Mwambie Mkuu wako nakuja tarehe ishirini. Nitavaa ile suti. Na mwambie hiyo pete asiguse mtu.

Babu yako,
Fundi Bati


Langoni, 20 Aprili

Kijiti,

Naandika nimesimama, kalamu ni ya mlinzi na ameshaitaka mara mbili. Basi langu linaondoka saa kumi na moja na nyinyi mmeingizwa kuoga. Natumai u mzima. Nimeuona mwenyewe huo uzima, lakini lazima niulize, ndivyo barua zinavyoanza.

Nimefika asubuhi, wewe ukiwa darasani. Nimesaini. Mkuu aliniuliza, "Ndiye wewe?" Nikasema ndiye mimi. Akanipa chai isiyo na sukari, nadhani ulimwonya. Kisha nikaomba ngazi nikapanda kwa pete yenu. Yule fundi alijitahidi, lakini kitu kinachopigwa na mpira kutwa hakitiwi lehemu. Nimeipiga ribiti tatu, misumari ya chuma inayopondwa vichwa, nyundo juu ya nyundo. Lehemu hata tone sikutia. Imetosha kwa ukoo mmoja.

Nilikaa nyuma ya wapishi ili usinione, maana ungenichezea mimi badala ya kuwachezea wao. Mmefungwa kwa bao moja na sikuona aibu yoyote. Mwalimu wenu wa filimbi anapiga kelele kuliko cherehani ya mama yako. Ulipoanguka robo ya tatu niliinuka, mpishi mmoja akanivuta suti akasema, "Kaa, mzee, anaamka." Ukaamka.

Nilikutazama shingo, nilikutazama uso. Jua la saa tisa, jasho linakutiririka kama birika mpya inavyomwaga, umewaka mwekundu kama chuma changu. Joto saa nzima, Kijiti, na hukuyeyuka.

Mlinzi anataka kalamu yake sasa hivi.

Babu yako